MAJI NDIYO YALIYOCHONGA JANGWA
Maelezo juu ya sura za majangwa mbalimbali duniani

0. Utangulizi

Mwanafunzi akiombwa aeleze jangwa ni nini, aghalabu hutaja vitu vitatu: mchanga, jua kali na ngamia. Jibu hilo si la uongo, ila ni finyu. Sehemu kubwa ya majangwa ya dunia haina mchanga mwingi. Majangwa mengine hukaa katika barafu au hufunikwa na ukungu wa bahari. Na katika mengine ngamia asingeweza kuishi hata siku mbili.

Makala haya yanakusudia kueleza sura za majangwa machache yaliyo mashuhuri, na kutoa hoja moja. Hoja yenyewe ni hii: ingawa jangwa ni mahali penye upungufu wa maji, maji ndiyo fundi mkuu aliyelichonga. Upepo una kazi yake kubwa, nasi tutaieleza. Lakini nyuma ya kazi ya upepo karibu daima hukutwa maji, yaani maji yaliyopita zamani, maji yapitayo kwa nadra, au maji yaliyokauka na kuacha chumvi yake.

Jambo hili latuhusu sisi Wakongo kuliko tunavyodhani. Nchi yetu haina jangwa, lakini sehemu kubwa ya maeneo yake ya kusini na kusini-magharibi imeketi juu ya mchanga wa aina moja na ule wa Kalahari. Watu wengi hupoteza nyumba zao kwa sababu ya mchanga huo. Tutalifikia suala hilo katika sehemu ya nane, baada ya kuona jinsi maji na mchanga vinavyohusiana mahali pengine.

1. Jangwa na majina yake

Wanajiografia hawalipimi jangwa kwa joto wala kwa mchanga, bali kwa hesabu ya maji. Kipimo kitumikacho sana ni mvua isiyozidi milimita 250 kwa mwaka. Kwa kulinganisha, mji wa Lubumbashi hupata takriban milimita 1,200. Kipimo cha pili ni sahihi zaidi: hulinganisha maji yanayoletwa na mvua na maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyageuza kuwa mvuke. Pale ambapo mvua haifikii sehemu moja ya tano ya kiasi hicho, nchi huhesabiwa kuwa kame. Isipofikia hata sehemu moja ya ishirini, huhesabiwa kuwa kame kupindukia.

Majina nayo yana mafunzo yake. Neno la Kifaransa désert latokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni mahali palipoachwa. Hilo ni jina litolewalo na mtu aliye nje. Hali kadhalika jangwa kubwa la kusini mwa Bara Arabu huitwa Rub' al-Khali, yaani Robo Tupu. Na katika rub' msomaji atatambua mara moja asili ya neno letu robo. Lakini Mabedui waliozoea kulivuka hawakuliita tupu: waliliita Mchanga, basi. Wenyeji wa Kalahari walitumia jina lenye maana ya kiu au mahali pasipo maji. Kwa hiyo mgeni huona utupu, ilhali mwenyeji huona kitu kimoja mahsusi kilichopungua, na hukijua kwa jina.

Kuna jina jingine lituhusulo kwa karibu. Ukanda wa nyasi ulio kusini mwa Sahara huitwa Sahel, kutokana na neno la Kiarabu sahil, yaani pwani au ukingo. Jangwa lililinganishwa na bahari, na Sahel ikawa ufuko wake. Wingi wa neno hilohilo, sawahil, ndio uliotupa jina la Waswahili na la lugha yetu. Sahel na Kiswahili, basi, ni watoto wa neno moja: mmoja alizaliwa kwenye ukingo wa maji, mwingine kwenye ukingo wa mchanga.

2. Kwa nini nchi huwa kavu

Sababu za ukavu ni tano, na mara nyingi mbili au tatu hukutana mahali pamoja.

Ya kwanza ni mzunguko wa hewa. Karibu na ikweta hewa hupata joto, hupanda juu, hupoa na kumwaga mvua. Ikiisha kumwaga maji yake, husafiri huko juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka ikiwa kavu kwenye latitudo za digrii 20 hadi 30 hivi. Hivyo basi mzunguko uleule unaolisha msitu wa Kongo ndio unaochangia kuikausha Sahara upande mmoja na Kalahari upande wa pili. Msitu na jangwa si wageni kati yao. Ni pande mbili za kazi moja.

Ya pili ni mikondo baridi ya bahari, ambayo huipoza hewa ya pwani na kuizuia kupanda. Ukungu hutokea, lakini mvua hainyeshi. Ya tatu ni milima mirefu, ambayo huipokonya hewa unyevu wake upande mmoja na kuuacha upande wa pili mkavu. Ya nne ni umbali na bahari. Ya tano ni baridi yenyewe, kwa maana hewa baridi sana haiwezi kubeba mvuke mwingi.

3. Sahara: mito isiyotiririka tena

Sahara ina eneo la kilomita za mraba milioni 9 hivi, karibu mara nne ya nchi yetu. Mchanga hufunika robo yake tu, au pungufu ya hapo. Wanajiografia wameazima katika lugha za Afrika ya Kaskazini maneno ya kutofautisha sura zake, nayo huingia katika Kiswahili bila shida: ergi ni bahari ya mchanga, regi ni uwanda wa kokoto, hamada ni uwanda wa mwamba mtupu. Zaidi ya hizo kuna milima. Emi Koussi, volkeno ya Tibesti nchini Chad, hupita mita 3,400.

Tuanze na mchanga, kwa kuwa ndio wenye sifa. Upepo wenye nguvu ya kutosha huzirusha chembe za mchanga. Zikianguka huzipiga nyingine na kuzirusha nazo. Chembe hizo hupanda polepole upande unaopigwa na upepo, zikifika kileleni huporomoka upande wa pili, ambao huwa na mwinamo wa digrii 34 hivi. Huo ndio mwinamo wa mwisho ambao mchanga mkavu waweza kuuvumilia. Kwa namna hiyo tuta la mchanga huhama bila kupoteza umbo lake. Pale upepo uvumapo kutoka upande mmoja na mchanga ukiwa haba, tuta huwa na umbo la hilali, pembe zake zikielekea uendako upepo. Pale upepo ubadilikapo mara kwa mara, tuta huota mikono na kufanana na nyota, nalo hukua kwenda juu badala ya kuhama.

Lakini mchanga huo ulitoka wapi? Upepo haukuuumba; uliukuta tayari. Kwa sehemu kubwa uliukuta katika vitanda vya mito na maziwa ya kale. Mwaka 1981 chombo cha Marekani cha angani kilipiga picha za rada juu ya jangwa la Misri na Sudani. Mawimbi ya rada yalipenya mchanga mkavu na kuonyesha mabonde ya mito yaliyozikwa chini yake. Watu waliokuwa wakipita pale juu kwa karne nyingi hawakujua kwamba wanavuka mito.

Ushahidi wa watu wa kale ni wa wazi zaidi. Kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer, nchini Algeria, kuna maelfu ya michoro: twiga, viboko, na makundi ya ng'ombe pamoja na wachungaji wao. Mahali hapo paliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1982. Michoro hiyo si ndoto ya wasanii. Tangu miaka 14,000 hivi iliyopita hadi miaka 5,500 hivi iliyopita, Sahara ilikuwa na nyasi, mito na maziwa, kwa sababu mabadiliko ya polepole katika mwelekeo wa mhimili wa dunia na mzunguko wake kulizunguka jua yaliongeza joto la kiangazi upande wa kaskazini, nayo mvua za msimu zikaingia ndani zaidi. Ziwa Chad lilizidi kilomita za mraba 350,000 wakati huo. Ni zaidi ya mara kumi ya eneo la Ziwa Tanganyika.

Masazo ya enzi hiyo bado yapo. Katika bonde la Archei, kwenye milima ya Ennedi nchini Chad, kuna bwawa ambamo mamba wachache waliendelea kuishi, wakiwa wametenganishwa na mamba wengine kwa mamia ya kilomita za jangwa. Kaskazini zaidi, mahali paitwapo Ounianga, kuna maziwa 18 mahali ambapo mvua haifikii hata milimita 2 kwa mwaka. Maji yake hutoka chini ya ardhi, ambako yalihifadhiwa tangu enzi za mvua. Na kitako cha ziwa kubwa la zamani, katika bonde la Bodélé, kimebaki vumbi jeupe la viumbe vidogo vya majini vilivyokufa. Upepo hulizoa vumbi hilo, na sehemu yake huvuka Atlantiki hadi Amerika. Kwa hiyo hata vumbi la Sahara ni mabaki ya maji.

4. Namib: mchanga ulioletwa na mto

Jangwa la Namib hufuata pwani ya Namibia na kuingia kusini mwa Angola. Huhesabiwa miongoni mwa majangwa makongwe kuliko yote duniani. Ukavu wake wazidishwa na mkondo baridi wa Benguela, upitao karibu na pwani.

Matuta yake ya mchanga ni marefu ajabu. Mengine hupita mita 300, na rangi yake yatoka kwenye manjano karibu na bahari hadi wekundu wa kutu ndani ya nchi, kwa kuwa chuma kilichomo katika chembe hupata kutu kadiri muda unavyopita. Sehemu kubwa ya mchanga huo haikuzaliwa pale. Mto Orange ndio ulioubeba kutoka ndani ya kusini mwa Afrika na kuumwaga baharini. Mawimbi na mikondo ikausukuma kaskazini kandokando ya pwani. Kisha upepo wa kusini ukauchukua na kuurudisha nchi kavu. Ergi ya Namib, iliyotambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2013, ni zawadi ya mto kwa upepo.

Mahali paitwapo Sossusvlei twaona shindano la mafundi hao wawili. Mto Tsauchab, ambao hutiririka kwa nadra, huja kutoka milimani, hukuta matuta yameuzibia njia ya baharini, na kuishia katika sahani ya udongo mweupe. Karibu na hapo kuna sahani nyingine, Deadvlei, ambayo matuta yaliikatia maji kabisa karne kadhaa zilizopita. Miti yake ilikufa, lakini kwa ukavu haikuoza. Mashina yake meusi yamesimama hadi leo.

Viumbe vya Namib huishi kwa ukungu. Mdudu mmoja wa jamii ya mende hupanda juu ya tuta alfajiri, huinamisha kichwa na kuinua mgongo. Ukungu hugeuka matone mgongoni na kuteremka hadi kinywani. Mmea uitwao Welwitschia, ulioelezwa na mtaalamu wa mimea Friedrich Welwitsch baada ya kuuona kusini mwa Angola mwaka 1859, una majani mawili tu ambayo hukua maisha yake yote, na mingine imeishi zaidi ya miaka elfu moja.

5. Atacama: mahali ambapo chumvi haikuoshwa

Katika Atacama, kaskazini mwa Chile, sababu tatu za ukavu zimekutana: hewa ishukayo, mkondo baridi wa Humboldt, na milima ya Andes inayozuia unyevu wa Amazoni. Katika mji wa Arica haikunyesha mvua kuanzia Oktoba 1903 hadi Januari 1918, yaani miezi 173. Ndicho kipindi kirefu kuliko vyote kilichoandikwa rasmi.

Sura ya Atacama si ya mchanga bali ya chumvi. Mahali penye mvua, maji huyeyusha chumvi za udongo na kuzipeleka baharini. Atacama hazikuoshwa, zikabaki. Miongoni mwake ilikuwemo nitrati, iliyotumika kwa mbolea na kwa baruti. Kwa ajili ya utajiri huo Chile ilipigana na Peru na Bolivia kuanzia mwaka 1879 hadi 1884, na Bolivia ikapoteza pwani yake yote. Miji ya wafanyakazi ilijengwa jangwani, na maji na chakula vyote vikaletwa kutoka mbali. Mwaka 1913 Wajerumani walianza kutengeneza kiwandani kwa kiasi kikubwa malighafi ya mbolea kutokana na nitrojeni ya hewa. Bei ya nitrati ya Chile ikaanguka baadaye, na miji ile ikaachwa. Humberstone na Santa Laura zimehifadhiwa zikiwa magofu, na ziliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2005. Mtu atokaye katika nchi ya migodi hatakosa kuisoma historia hiyo kwa makini.

Leo utajiri wa Atacama ni lithiamu. Maji yateremkayo kutoka Andes hubeba madini, hufika katika bonde lisilo na njia ya kutokea, na kugeuka mvuke. Yakiondoka huacha tambarare kubwa ya chumvi, Salar de Atacama. Maji ya chumvi yaliyo chini yake hupampwa na kuanikwa katika mabwawa hadi lithiamu ikolee. Lithiamu hiyo na kobalti ya Katanga hukutana katika betri zilezile za simu na za magari. Nako, kama kwetu, wakazi huuliza maswali juu ya maji wanayobakiziwa.

Tusidhani kwamba mvua hainyeshi kabisa. Machi 2015 ilinyesha ghafla, na kwa kuwa hapakuwa na mimea ya kuipunguza kasi, mabonde makavu yaligeuka mito ya tope iliyobomoa nyumba na kuua watu. Hata jangwani mtu aweza kufa maji. Mvua moja ya saa chache hufanya kazi ambayo upepo haungeifanya kwa miaka mingi.

6. Majangwa ya baridi

Gobi, kati ya Mongolia na China, iko mbali na bahari na nyuma ya milima. Majira ya baridi kipimajoto huweza kushuka hadi digrii 40 chini ya sifuri. Sehemu yake kubwa ni kokoto na mwamba, kwa kuwa upepo umekwisha kupeperusha vumbi jingi. Vumbi la majangwa ya Asia ya kati lilitua mashariki na kujenga Uwanda wa Vumbi wa China, wenye rutuba. Mto wa Manjano huupata huko udongo unaoupa jina lake.

Jangwa kubwa kuliko yote ni Antaktika, lenye kilomita za mraba milioni 14 hivi. Ndani yake theluji ianguayo kwa mwaka, ikiyeyushwa, hutoa maji ya milimita 50 hivi tu. Barafu tuionayo imekusanyika kwa muda mrefu mno bila kuyeyuka. Baridi kali kuliko zote zilizopimwa na kituo cha hali ya hewa, digrii 89.2 chini ya sifuri, iliandikwa pale Vostok tarehe 21 Julai 1983.

Sehemu ya ajabu zaidi ni Mabonde Makavu ya McMurdo, ambayo kwa sehemu kubwa hayana hata barafu. Upepo mkavu ushukao kutoka uwanda wa juu hulamba theluji kabla haijatulia, na mawe yamechongwa nao pande kwa pande. Hata hivyo mna mto, Onyx, wenye urefu wa kilomita 30 na kitu, utiririkao kwa majuma machache ya kiangazi. Mna pia bwawa lenye chumvi nyingi hata huwa haligandi, na ukingoni mwa barafu ya Taylor hutoka maji mekundu kama damu, kwa sababu ya chuma kilichomo. Hapa twakamilisha nusu ya kwanza ya hoja yetu: jangwa laweza kuwepo bila joto na bila matuta ya mchanga, lakini si bila alama za maji.

7. Jangwa lililozaliwa mbele ya macho yetu

Hadi mwaka 1960 Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, lenye kilomita za mraba 68,000 hivi, mara mbili ya Tanganyika. Maji yake yaliletwa na mito miwili, Amu Darya na Syr Darya. Serikali ya Kisovieti iliielekeza mito hiyo kwenye mashamba ya pamba. Katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, ziwa lilipoteza karibu sehemu tisa kwa kumi za eneo lake. Mahali pake pamezuka jangwa jipya, Aralkum, na meli za bandari ya Moynaq zimebaki zimelala mchangani. Upepo hupeperusha chumvi pamoja na dawa za mashamba, na wakazi huvuta vumbi hilo.

Mwaka 2005 Kazakhstan ilimaliza ukuta uitwao Kokaral, unaozuia maji ya sehemu ndogo ya kaskazini yasipotee. Kiwango cha maji kikapanda, na wavuvi wakarudi kazini. Sehemu ya kusini haikupona. Mfano huu wafundisha kwamba hali ya hewa peke yake haitoshi kueleza kila jangwa. Mengine hutokana na uamuzi wa watu juu ya maji.

8. Kalahari na sisi

Kalahari yenyewe, iliyoko hasa Botswana, Namibia na Afrika Kusini, si kame kama Namib. Hupata mvua ya kuotesha nyasi na migunga, lakini maji hudidimia upesi mchangani, na juu hayabaki. Ndani yake hutokea jambo la pekee: Mto Okavango, uanzao katika nyanda za juu za Angola, hauendi bahari yoyote. Huja kumwagika mchangani na kutandaza delta kubwa ya vinamasi. Mafuriko yake hufika kiangazi, miezi kadhaa baada ya mvua za Angola, wakati wanyama wanapoyahitaji zaidi. Delta hiyo iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2014.

Lakini mchanga wa Kalahari ni mpana kuliko jangwa la Kalahari. Huanzia karibu na Mto Orange, hupita Botswana, Angola na magharibi mwa Zambia, na kuingia Kongo. Wanajiolojia huita tabaka hizo mfumo wa Kalahari. Kwetu hupatikana Kwango, Kwilu na Kasai, juu ya vilima vya Kinshasa, na hata juu ya nyanda za juu za Katanga kama vile Biano na Kundelungu. Katika Angola na Zambia baadhi ya matuta ya zamani bado hutambulika, ingawa sasa yamefunikwa na miti: ni dalili kwamba ukavu uliwahi kufika kaskazini kuliko leo.

Hapa ndipo nusu ya pili ya hoja yetu inapokamilika. Antaktika ni jangwa ambalo karibu lote halina matuta ya mchanga. Kasai ni nchi ya mchanga isiyo jangwa. Mji wa Kananga hupata zaidi ya milimita 1,400 za mvua kwa mwaka. Kinachoushika mchanga wake ni mizizi ya nyasi na miti tu, kwa sababu chembe zenyewe hazishikamani. Mimea ikiondolewa, nyumba zikajengwa, mapaa ya mabati na barabara hukusanya maji yaliyokuwa yakididimia polepole, na kuyaelekeza mahali pamoja. Maji hufuata mkondo, wasemavyo wahenga. Na mkondo ukianza katika mchanga kama huu, katika mvua chache huwa korongo la kumeza nyumba.

Hakuna mwenyeji wa Kananga, Tshikapa, Kikwit au Kinshasa asiyeyajua makorongo hayo, ambayo wengi huyaita kwa Kifaransa érosion. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 ulihesabu zaidi ya makorongo 2,900 katika miji 26 ya nchi yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022 mvua kubwa iliua zaidi ya watu 120 mjini Kinshasa, wengi wao vilimani, na barabara ya kuelekea Matadi ilikatika. Msiba wa namna hiyo na ule wa Atacama mwaka 2015 ni ndugu: pote maji ya ghafla yalipita juu ya ardhi isiyo na cha kuyazuia. Tofauti ni kwamba Atacama ukosefu wa mimea ni wa asili, ilhali kwetu ni kazi ya mikono yetu.

Kwa hiyo dawa nazo ziko mikononi mwetu, na nyingi si za gharama kubwa zikianza mapema: kukinga maji ya paa katika matangi au mashimo ndani ya kila kiwanja, kufikisha mifereji ya barabara hadi chini kabisa bondeni, badala ya kuiachia njiani katikati ya mteremko, kupanda mianzi na nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva, na kutogawa viwanja kwenye vichwa vya mabonde. Korongo likisha kufika mita 20 za kina, lahitaji fedha ambazo manispaa zetu hazina.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba Sahara ni nchi ya mito iliyokauka, Namib ni mchanga wa mto uliorudishwa na upepo, Atacama ni chumvi ambayo maji hayakuiosha, Antaktika ni maji yaliyofungwa katika barafu, na Aral ni ziwa lililonyang'anywa mito yake. Kila mahali swali la kwanza si “pana mchanga kiasi gani?” bali “maji yalipita wapi, na sasa yanakwenda wapi?”

Kwa walimu wa Kiswahili kuna kazi ya ziada. Maneno kama ergi, regi, hamada, korongo, kinamasi na mmomonyoko yafaa yaingie katika mazoezi ya darasani, yakiambatana na sura za nchi ambazo mwanafunzi anaweza kuziona. Mwanafunzi wa Kikwit anaposoma juu ya Sahara apelekwe pia kwenye korongo lililo karibu na shule yake, auchukue mchanga mkononi, aumwagie maji na aone jinsi unavyoporomoka. Atakuwa amesoma jiografia na lugha kwa wakati mmoja, na huenda akirudi nyumbani atamshauri baba yake mahali pa kuchimba shimo la kukingia maji ya paa.